Maua Mekundu Langoni Kibumba

Dada yangu alitaka maua meupe. Alikuwa ameona harusi ya Wazungu kule Goma, karibu na ziwa, na tangu siku ile hakutaka kusikia rangi nyingine. Kwetu Kibumba meupe yalikuwa ya pareto tu, katika shamba la mkoloni, na aliyeyagusa alionja kiboko. Lango wakaniachia mimi nilipambe, eti kwa kuwa nilisoma kwa masista najua urembo. Nami nikavimba kichwa, mjinga mimi.

Vigogo viwili vya migomba vilikuwa vimeshasimikwa kama ilivyo desturi. Vilikosa rangi. Nyuma ya shamba la viazi palikuwa na mti usio na jani hata moja kiangazi kile, mwekundu mtupu kwa maua. Nikajaza kikapu asubuhi na mapema, nikayafunga kote langoni. Wote walikuwa kwenye vyungu. Aliyeniona ni nyanya yangu peke yake. Akanishika mkono kwa nguvu.

“Umefanya muzuri, mutoto yangu,” akasema.

Nikadhani anasifu jicho langu.

Mti ule ni umuko. Chini yake wazee walikuwa wakiomba mizimu, na mapadri waliuchukia kuliko pombe. Kwa masista hakuna aliyenionyesha, wala nyumbani hakuna aliyethubutu kuutaja mbele yangu.

Wakwe walikuja wakiimba. Mbele alitangulia baba wa bwana harusi, katekista wa misheni yetu. Alipoona lango akasimama, na wimbo ukakatika.

“Ni nani aliweka hii maua? Mutoto wangu hataoa fasi ya mashetani!”

Akageuka kurudi. Ndani ya nyumba dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minne, siri yetu sisi wa nyumbani. Wakiondoka, amekwisha.

Baba akanitazama. “Sema, ni nani?”

Ningesema ni mimi, kwamba sikujua. Lakini niliwaza jinsi masista watakavyonifukuza shule. Nikanyoosha kidole kwa nyanya.

Aliniangalia kidogo tu. Kisha akasimama.

“Ni miye, papa katekista. Huyu mutoto hajui kitu.”

Katekista akasema hapiti pale mpaka huyo mama aondoke. Nyanya akachukua fimbo yake, akaenda kwa jirani, hakumbariki mjukuu wake. Maua yakang'olewa, wakaingia wakiimba tena. Dada akaolewa. Nyama nilikula, sitaficha.

Padri alimkatalia nyanya komunyo, na hakumrudishia hadi alipofariki mwaka wa pili. Hata hivyo kila Jumapili alikuja, akasimama nje pamoja na wasiobatizwa. Nilikuwa nampita pale mlangoni, namwamkia, naye ananiitikia kwa upole, halafu naingia kupokea komunyo.