Bibi anataka nimfasirie wimbo wa mjukuu wake wa Marekani

Assalaam alaykum admin, na nyote mtakaosoma. Naomba jina langu lisionekane. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko darasa la mwisho la skuli, na tunaishi Ibra, huku Uarabuni. Kiswahili nimefundishwa na bibi yangu, mama wa baba, aliyezaliwa Unguja. Mpaka leo hanipitishii sentensi mbovu, kwa hiyo mkikiona changu ni cha kizamani, ndiyo malezi. Nimechoka, na sina wa kumwambia ndani ya nyumba hii.

Ami yangu, kaka mkubwa wa baba, alikwenda Marekani kusoma uhandisi. Akaoa huko, akapata mtoto mmoja wa kiume, na hakurudi tena. Alifariki kwa maradhi ya moyo mtoto wake akiwa bado mdogo. Huyo mtoto sasa ni kijana wa miaka ishirini na mbili, na ni rapa. Jina lake la kisanii silitaji, maana baadhi yenu mnamsikiliza. Alianza kwa kujirekodi ndani ya kabati la nguo, akizungukwa na makoti ya marehemu baba yake, kwa sababu humo sauti haikuwa na mwangwi. Wimbo mmoja ukaenea, kampuni ikamchukua, akawa anajaza kumbi mji baada ya mji, halala. Mwaka jana alianguka jukwaani kwa uchovu. Akafuta maonyesho yake yote na akanyamaza kwa miezi.

Yeye hajui Kiswahili wala Kiarabu, na bibi hajui Kiingereza. Katikati yao nipo mimi. Tangu nikiwa mdogo nimefasiri salamu zao, maradhi yao, mpaka utani wao. Bibi alinifunza kwamba kufasiri ni amana: usiongeze, usipunguze. Na anajivunia mjukuu wake. Jumatano akienda soko la wanawake huwaambia wenzake kwamba ana mjukuu mshairi, kama wale wanaojibizana mashairi kwenye razha, ngoma ya panga, siku ya Idi. Siku moja jirani yetu, Bi Salma, alimuuliza mshairi gani huyo mwenye meno ya dhahabu. Bibi akamjibu, "Na wewe wa meno ya plastiki, umeghani nini?" Walicheka mpaka kahawa ikapoa.

Sasa ametoa wimbo mpya, wa kwanza tangu aanguke. Nilimwekea bibi asubuhi, simu nikaitia ndani ya bakuli ili sauti itoke vizuri. Maneno yote ni ya Kiingereza, ila kiitikio ni cha Kiswahili: "Baba yuko kazini." Bibi aliacha kuchambua tende.

Hiyo ndiyo sentensi pekee ya Kiswahili aliyoijua mjukuu wake. Zamani, kila Ijumaa baada ya sala ya Isha, huko kwao ikiwa bado mchana, bibi alikuwa akipiga simu Marekani, na mtoto ndiye aliyepokea na kusema hivyo. Bibi, ambaye humwita "mume wangu" kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, alikuwa akimjibu, "Haya mume wangu, mwambie mama yake kampigia." Miaka yote bibi ameisimulia habari hii kwa furaha: mwanawe alikuwa mchapakazi, hata Ijumaa hapumziki, na juu ya hayo alimfunza mtoto lugha ya kwao.

Akalia kidogo, akasema, "Nifasirie yaliyobaki. Neno kwa neno."

Yaliyobaki ni haya. Ami hakuwa kazini. Kazi ilikwisha zamani. Alikuwa amekaa kwenye kochi, pazia zimefungwa, anaitazama simu ya mama yake inalia, kisha anamnyooshea mtoto kidole aipokee. Aliona haya kusema kwamba yule mhandisi aliyeagwa na ukoo mzima uwanja wa ndege sasa anaosha magari ya watu, na siku nyingine hata hayo haoshi. Mtoto akikata simu, baba yake alikuwa akijifunika uso kwa mto.

Nilimwambia bibi Kiingereza cha mjukuu wake ni cha mitaani, anipe muda. Huo haukuwa uongo, lakini kila nikitoka skuli ananiuliza kama nimemaliza.

Nilipomwendea baba, alinitaka niyarudie maneno ya kochi mara mbili, naona naye alikuwa hajui. Kisha akaniambia nimwambie bibi ni wimbo wa kumkumbuka marehemu, basi, mama yake ni mtu mzima na moyo wake hautaki mshituko. Nikamwandikia kaka yangu wa Marekani, mwenye wimbo. Nilidhani ataniomba nifiche. Alijibu kwamba wimbo ule hakuwaandikia mashabiki. Anataka kuja Ibra likizo hii, kwa mara ya kwanza, lakini hawezi kuuingia mlango wa bibi huku bibi akimpenda kwa sentensi ya uongo. "Nilikuwa mtoto, lakini sauti ilikuwa yangu. Mwambie wewe, mimi sina lugha."

Kwa hiyo baba ananiambia nipunguze, kaka ananiambia nisipunguze, na bibi ananiamini. Nikisema kweli, namzika ami mara ya pili mbele ya mama yake. Nikificha, nitakaa katikati yao siku akija, nikifasiri kila neno isipokuwa lile lililomleta. Pengine, na hili ndilo tumaini langu, bibi ana nguvu kuliko tunavyomdhania. Juzi aliniuliza, "Mbona analisema kwa majonzi? Kazi si jambo la majonzi." Nilisema nina mtihani, nikaenda chumbani.

Ameshajifunza kuuweka wimbo mwenyewe. Hata sasa ninapoandika nausikia jikoni. Kila kiitikio kikifika, bibi anakijibu kwa upole, kama kwamba laini bado iko wazi: "Haya mume wangu, mwambie mama yake kampigia." Kisha ananiita.

Nishaurini, mama zangu na dada zangu. Nikiitika, nimwambie nini?