Sahani Mbili za Mama Ghala

Kwa miaka kumi na tisa Mama Ghala alitunza stoo ya duka la mbegu, na ole wake aliyejaribu kumfundisha kazi. Ndiyo maana wakulima walipoanza kurudi mmoja mmoja, wakilalamika kwamba mahindi hayajaota, moyo ulimwenda mbio. Mdomo, hata hivyo, haukuchelewa.

"Msambazaji katuletea mbegu mbovu," alimwambia bosi.

Bosi alimwamini. Akaagiza barua ya kuvunja mkataba na msambazaji. Angeitia sahihi Ijumaa.

Jumapili Mama Ghala alimsimulia mdogo wake, mwalimu wa sayansi, akitegemea kupongezwa.

"Dada, hiyo bado nadharia tete."

"Usinitolee Kiswahili cha ubaoni."

"Nadharia imetoka kwenye neno la Kiarabu la kutazama. Tete unalijua kuliko mimi. Punje ikiwa tete unaifanyaje?"

"Naiminya kwa ukucha. Ikitoa maziwa, naiacha shambani."

"Basi liminye na wazo lako kabla hujamhukumu mtu. Otesha mbegu za mzigo uleule zilizokaa sehemu tofauti. Mengine yote yawe sawa."

Hapo akakumbuka. Mzigo ule ulipofika alikuwa ameona uvivu kupanga stoo upya, akasukumia nusu yake kwenye kibanda cha bati cha nyuma, kunakochemka mchana kutwa. Hakumwambia mtu.

Jumatatu alilowesha vitambaa viwili, akavitandika kwenye sahani mbili: punje kumi za stoo, kumi za kibandani. Kila alipomaliza kuhudumia mteja alikwenda kuchungulia. Alijikuta akizibembeleza zile za kibandani kwa sauti, mtu mzima na akili zake, na mteja mmoja akamuuliza kama anaumwa.

Ijumaa asubuhi, za stoo zilikuwa zimeota tisa. Za kibandani, moja.

Aliogopa. Angeweza kuzimwaga nyuma ya duka, na nani angejua? Akabeba sahani, moja kila mkono, akaingia ofisini. Bosi alikuwa ameshashika kalamu.

"Bosi, usitie sahihi. Msambazaji hana kosa. Ni mimi niliyeziweka kwenye joto, kule kibandani."

Bosi alizitazama sahani, kisha akamtazama yeye.

"Za kibandani umeshauza kiasi gani?"

Mama Ghala alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Limebaki gunia moja."