Kamanda wa Nyambizi Kwenye Kisima Chetu

Naikumbuka bado siku niliyofokewa na mzungu mzee mbele ya wanawake wote wa kisima chetu, mwanangu, na nilistahili. Ilikuwa Kakuma, miaka ya tisini, mwaka ule mbuzi walikula hata maboksi. Kambi ya wakimbizi ilikuwa bado changa, mabomba machache, foleni hazina mwisho. Sisi wenyeji tukasema afadhali tuchimbe wenyewe kwenye mchanga wa mto mkavu, kama walivyochimba mama zetu.

Mimi ndiye niliyesimamia. Nilikuwa na mikono ya kuangusha fahali, mdomo mkali, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa kiume, basi nikajiona nimefika. Shule niliishia darasa la pili, lakini kuamrisha sikufundishwa na mtu.

Chini ya kisima alikuwa wifi yangu Akiru, dada mdogo wa mume wangu. Tulimtuma yeye kwa sababu alikuwa mwembamba, na kisima hakipendi mtu mnene. Alikuwa ameshuka urefu wa watu watatu, kamba kiunoni, akijaza karai, sisi tukivuta. Na tulikuwa tunaimba. Kwetu anayechimba huimbiwa na walio juu, apate moyo, ajue hajasahaulika. Mkinyamaza, atadhani mmeenda zenu.

Kando yetu alikaa mzee mmoja Mholanzi, fundi wa pampu. Watu walimwita Lokwang kwa ajili ya weupe wake. Aliishi Lodwar, akija Kakuma kwa lori kila pampu ilipokufa. Siku hiyo alikuwa anasubiri kipuri, akaketi ukingoni mwa mto kula biskuti. Tulijua tu kwamba zamani alikuwa askari wa baharini katika vita ile kubwa ya wazungu. Tulikuwa tunamcheka miguu, myekundu kama mbuzi aliyechunwa.

Akiru akaita kutoka chini, "Wifi, mchanga unanong'ona."

"Mchanga hauna mdomo. Chimba!"

Akachimba kidogo, akaita tena. "Wifi, kweli, nasikia kitu."

"Sikio halipiti kichwa!" nikamjibu. Wanawake wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikapenda walivyocheka. "Mwimbieni huyo, anaogopa giza!" Tukapandisha sauti mpaka kunguru wakaruka.

Lokwang akainuka, biskuti zikamwagika. "Nyamaza! Wote nyamaza!"

Nikashika kiuno. "Hapa ni Turkana, mzee. Ukitaka kimya, nenda kanisani."

"Wewe nyamaza," akasema, kidole chake karibu na pua yangu. "Yeye sema." Halafu akalala kifudifudi, mzee wa umri ule, sikio kwenye mchanga. "Dada! Unasikia wapi?"

Ikawa kimya. Na mimi nikasikia. Ssss, kama uji unaotaka kuchemka.

"Nyuma yangu," akajibu Akiru, sasa akilia.

Mwanangu, nilivuta ile kamba kama mtu anayevuta ngamia matopeni. Wenzangu wakanikamata kiuno, wakavuta, na Lokwang akavuta nyuma yao. Kichwa cha Akiru kilipotokeza, ukuta ukashuka, ukamfunika mpaka kifuani. Tulichimba kwa sufuria, kwa mikono, kwa kucha, mpaka akatoka kama ndama anavyozaliwa, kichwa kwanza, mwili mzima umepakwa. Akatema mchanga, akatutazama, akasema, "Sandali zangu zimebaki." Tukacheka huku tunalia.

Nilidhani nitasifiwa. Lokwang akasimama mbele yangu. "Kuvuta, wewe mzuri sana. Kusikia, wewe bure kabisa." Akaokota biskuti zake moja moja, akazipuliza, akaenda. Hakuna mwanamke aliyenitetea. Hata yule aliyecheka kuliko wote akaangalia pembeni.

Wiki ile sikulala vizuri. Nikachukua samaki wakavu niliotumiwa na dada yangu aliyeolewa Lowarengak, kule ziwani, nikapanda lori mpaka Lodwar. Nilimkuta Lokwang amekaa kwenye kibanda chake, akisafisha vyuma kwa mafuta ya taa.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok. Umekuja kupigana?"

"Nimekuja kuuliza ulijuaje."

Akanipa kigoda, akanieleza. Alianza kazi akiwa kijana wa kufuta mafuta kwenye injini, akapanda ngazi moja moja, mpaka vitani wakampa nyambizi yake mwenyewe aiongoze. Nyambizi, mwanangu, ni meli inayozama kwa kupenda. Inalala chini ya maji ikiwinda, kama mamba wa ziwani, jicho moja tu juu. Ikizama kabisa hata jicho linafungwa. Hapo ni kipofu, imebaki na masikio ya mtu mmoja aliyevaa vyombo kichwani, na mara nyingi ni mtu wa cheo cha chini.

"Mimi nilikuwa nimezamisha meli mbili," akasema. "Nilikuwa mkubwa. Siku moja huyo wangu wa kusikiliza akasema, kamanda, kuna injini juu yetu. Nikamwambia unaogopa. Wengine wakacheka. Nikapandisha nyambizi juu."

Meli ya adui ilikuwa inawasubiri. Bomu likapasua chumba cha mbele, maji yakaingia, na kamanda akafunga mlango wa chuma ili waliobaki wasife wote. Upande wa pili wa mlango kulikuwa na watu. Waligonga. Baadaye hawakugonga.

"Ulifungwa jela?" nikauliza.

"Walinipa medali. Kwa kurudisha nyambizi nyumbani."

Akavunja kichwa cha samaki, akala. Halafu akasema kwamba tangu siku ile, kabla hajatoa amri yoyote, alimwuliza kwanza mdogo kuliko wote humo ndani, hata mpishi. Alipigana mpaka vita ikaisha, na hakufunga tena mlango juu ya mtu. "Hiyo ndiyo kazi yangu," akasema. "Nyingine zote makelele."

Tangu hapo, visimani kwangu tunaimba, nani atatuzuia? Lakini kila makarai kumi tunanyamaza, aliye juu anauliza, "Huko chini kunasemaje?" na hakuna anayevuta tena mpaka ajibiwe. Akiru leo ndiye anayewafundisha wasichana wa Lodwar kuchimba. Ni mnene sasa, hashuki tena, na mimi namwonea fahari kama vile nimemzaa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hiyo mmefundishwa wote. Mkuu asiyesikia la mdogo je? Huyo huvunja miguu ya wengine, yake ikabaki mizima, na wakati mwingine hupewa medali. Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa cheo, hata cha kusimamia foleni ya maji, mwulize kwanza aliye chini kabisa. Yeye ndiye aliye karibu na hatari. Akisema naogopa, usimcheke; mwulize anaogopa nini. Na mimi bibi yako nikikosea, niambie. Nitakufokea kwanza, ndivyo nilivyo, halafu nitasikiliza.

Akuj, Mungu wetu wa juu, akupe mvua ya taratibu na maziwa yasiyokatika. Akupe sauti ya kuongoza watu, na watu wasioogopa kukukatiza. Unaoshuka nao, upande nao wote.