Blauzi ya Bibi Arusi Asiyepimwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kwenye mashine kabla ya chai ya saa nne. Ilikuwa karakana ya masweta ya shule huko Shimanzi, nyuma ya maghala, malori yakinguruma nje mpaka sindano zinatetemeka. Nilikuwa nasukuma kigari, kile chuma kinachotelezeshwa juu ya sindano kikibeba uzi, nikakisimamisha katikati nijikune pua. Vitanzi vikaanguka vyote. Bibi Msimamizi akanitazama kana kwamba nimemwaga biriani ya harusi.

"Ewe mwana, pua yako na sweta la watu, kipi kina haraka?"

Nikapelekwa kuunga mikono ya masweta kwa sindano ya mkono. Nilipomwomba anirudishe, akanifundisha kwanza sampuli. Ni kipande kidogo unachofuma, unakifua, unakiacha kipumzike, ndipo unakipima, maana uzi ukitoka mashineni umevutwa na vyuma vya uzani na unakudanganya mchana kweupe. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu wasichana wa leo wananijia na picha kwenye simu: "Bi Mwanaidi, nifundishe hii kwa siku moja." Siku moja! Hata mbaazi zataka kulowekwa.

Kutoka Shimanzi nikahamia Mbaraki, kwa bibi mmoja aliyefuma nguo za watoto wachanga sebuleni kwake. Tulimwita Mama Mkubwa. Yeye ndiye aliyenionyesha mistari mifupi: unafuma sindano za katikati tu, za pembeni unaziacha zingoje, kisha unazirudisha moja moja, na kitambaa kinatuna chenyewe bila mshono. Kwake ilikuwa ya visigino vya soksi. "Mwili si ubao," alikuwa akisema, na kidole chake kinanigonga begani kila neno. Nilimchukia kwa kile kidole, lakini kwenye kisigino cha soksi ndiko nilikojifunza kufuma kifua cha blauzi.

Tajiri wangu wa mwisho alikuwa na duka Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho tuktuk ikiingia watu wote wanajibanza ukutani. Mbele aliuza vitambaa, nyuma nilikaa mimi na mashine. Yeye ndiye aliyezua blauzi za kubana za maharusi, za kufumwa, zimeshika kifua na kukaza kiuno, hazina zipu wala mkunjo. Nzuri, sikatai. Lakini nguo kama ile inataka mwili usimame mbele yako, na bibi arusi wa kwetu huwa ametawishwa ndani, anasingwa mwili kwa liwa na manukato, haonekani na mtu. Basi fundi analetewa nguo ya kipimo, gauni kuukuu linalomkaa mwenyewe. Nimelalamikia magauni hayo mpaka tajiri akawa ananiona nikifungua mdomo anatoka nje.

Rukia ndiye aliyenimaliza. Gauni lake la kipimo lililetwa na shangazi yake, Bi Salma, mwanamke wa kujistahi ambaye kuamkuana naye tu kulikumalizia kikombe kizima cha kahawa. Nikafuma. Ikarudi.

"Haikai," akasema Bi Salma.

"Haikai wapi, bibi?"

"Haikai tu."

Nikafumua, nikafuma upya. Ikarudi. Haikai! Jamani, inabana? Inapwaya? Kwapani? Kiunoni? Bi Salma anatazama vitambaa vya dukani kama hanisikii. Alipoondoka, tajiri akaniita pembeni.

"Mwanaidi, ukoo ule ni wateja wetu tangu enzi za marehemu baba. Kupamba ni wiki ijayo. Ikirudi tena, natafuta fundi mwengine wa mashine hii."

"Tajiri, nimeletewa gauni, sikuletewa mtu!"

"Basi lifume vizuri hilo gauni."

Kupamba ni sherehe ya wanawake watupu. Bibi arusi anakalishwa jukwaani atazamwe. Simu zinaachwa mlangoni, lakini macho yanaingia yote. Sikuingoja siku hiyo; nikavaa buibui langu, nikatia utepe wa kupimia mkobani, nikaenda hadi kwao Rukia. Bi Salma akanizuia ngazini, mkono huku na mkono huku.

"Bibi arusi haonekani."

"Mimi mwanamke kama wewe, Bi Salma! Nimechoka kufumua! Mficha uchi hazai!"

Nilipaza sauti, ndiyo. Ikajibu sauti kutoka juu: "Shangazi, mwache apande."

Rukia alikuwa mkekani, ananukia liwa. Akajifungua kanga mwenyewe. Upande wa kushoto wa kifua ulikuwa bapa, na kovu limepita hadi kwapani. Lile gauni lilikuwa la kabla ya maradhi.

"Waliliondoa ziwa hospitali mwaka jana, mama. Shangazi ataka nijaze pamba. Pamba yenyewe inahama, nikiinama inanijia shingoni."

"Watu watasema nini?" Bi Salma alikuwa amenifuata, anafoka kwa kunong'ona. "Na bwana arusi je?"

"Ajua. Nilimwambia kabla hajaleta posa, na akaileta. Sasa unamficha nani, shangazi?"

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Siku zote zile nagombana na uzi, na uzi haukuwa na kosa! Nikampima kulia, nikampima kushoto, nikamuuliza anataka iweje.

"Inikae mimi," akasema. "Na isinikwaruze."

Kulia nikafuma mistari mifupi, kushoto bapa, kwa uzi laini kuliko wote dukani, na penye kovu sikupitisha mshono. Haikurudi. Siku ya kupamba Rukia alikaa wima jukwaani. Walionong'ona walikuwapo, na yeye akawatazama mmoja mmoja mpaka vigelegele vikaanza. Bi Salma alisimama karibu na mlango, mikono ameifumbata kifuani.

Sasa nimestaafu, mabega yamekataa kusukuma kigari. Wasichana wakiniuliza siri ya kazi, nawaambia: fueni sampuli, na mpimeni mtu mwenyewe. La kwanza wanalishika, la pili wanalicheka. Wanadhani kumpima mtu ni kazi ya utepe, kumbe kazi ni kumpata akubali.

Wiki yangu ya mwisho dukani, adhuhuri, tajiri ameshakwenda msikitini, Bi Salma aliingia. Salamu yake ilikuwa fupi mpaka nikashtuka. Akapita hadi nyuma, akafunga mlango, akasimama mbele yangu na kifua chake kilekile nilichokijua miaka yote, kimekaa sawasawa chini ya buibui.

"Nataka kama ile ya Rukia," akasema.

Nilitaka kumfokea. Wallahi nilitaka! Miaka yote hiyo, bibi, na pamba, katika joto hili la Mombasa! Nikachukua utepe.

"Upande gani?"

"Zote mbili," akasema.