Seva Tulizozificha Hilliard

Nakiri: oda ile tuliiua kwa mikono yetu wenyewe, mimi na mama mmoja Mkongo wa Uvira niliyekaa naye meza moja.

Nilikuwa naishi ughaibuni, mtaa wa Linden, na kazi yangu ilikuwa kitongoji cha Hilliard, kwenye karakana iliyounda seva za kampuni kubwa ya kompyuta. Watengenezaji wawili wa chipu za seva hizo walikuwa wanaigombania kampuni hiyo. Mkubwa alishika karibu jengo zima. Mdogo, aliyebisha hodi miaka na miaka, alipewa meza moja ya majaribio, na meza hiyo ndiyo yetu. Msimamizi alitueleza waziwazi: Alhamisi wanakuja wageni wa kampuni. Wakiridhika, mdogo anapata oda. Wasiporidhika, sisi wanane hatuna kazi.

Sasa, mimi ni Mrundi niliyelelewa kambini Kigoma. Kule, wakaguzi wa mgao wakija, unaficha mbuzi, unaficha redio, unavaa shati lililotoboka. Ukionekana unajiweza, unga unapunguzwa. Mama naye alipitia kambi, tena kwa miaka mingi kuliko mimi.

"Bageni bakikuta vitu mingi, donc bataona hatuna shida," akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha Uvira chenye Kifaransa ndani.

Asubuhi ile tulikuwa tumemaliza seva arobaini. Tukasukuma thelathini na saba nyuma ya makatoni matupu. Wageni wakakuta seva tatu na nyuso nane za msiba.

"Tatu tu?" mmoja wao akauliza. Msimamizi akainama kuchungulia chini ya meza.

"Chef, tuko na mateso mingi," mama akasema. Nikamtafsiria mgeni kwa Kiingereza, tena nikaongeza njaa kidogo. Mgeni akaandika huku machozi yanamlengalenga. Mimi na mama tukakanyagana miguu chini ya meza kwa furaha.

Jumatatu zikaja habari mbili kwa mpigo. Oda yote kapewa mkubwa. Na sisi tumeletewa makatoni manne ya makoti na maharage ya kopo, zawadi ya wageni.

Meza yetu ikafungwa. Mama akahamia mji wa Buffalo kwa dada yake, na mpaka leo akinipigia simu anailaumu chipu. Mimi nikaenda mji wa Louisville kutafuta kazi ghalani, na kwa sababu ya baridi nikavaa koti la mgeni. Lilinikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kujinunulia, na kila nikifunga zipu nilijikasirikia. Tuliomba huruma, tukapewa huruma. Kazi walipewa waliojionyesha kwamba wanaiweza.