Mtu Niliyemwandika Nusu

Iko Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu jana nilikusikia ukiwachekesha wenzio hapa sebuleni. Ulikuwa unamwiga yule mwalimu wenu anayevuta mguu. Unaiga vizuri, sikatai. Hata mimi nilicheka, kisha nikaona aibu, maana kipaji hicho nakijua. Nilikuwa nacho. Sogea karibu na jiko, baridi ya Iringa haina adabu, nikueleze kilinifikisha wapi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, bado tunatawaliwa na Mwingereza. Nilikuwa mwalimu kijana huku Kalenga, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Moja ilikuwa haiandiki, lakini mbili zilipendeza zaidi. Nilikuwa nimetunga kijitabu cha visa vya kuchekesha, na wamisheni wakakipiga chapa. Rafiki yangu Shabani, kijana wa Iringa mjini ambaye babu yake alipanda kutoka pwani kuuza nguo, alikuwa amechapisha mashairi yake mahali hapo hapo. Siku moja tukapata barua kutoka kwa wenye maduka ya vitabu: njooni mtusomee kazi zenu mbele ya watu, kwanza Iringa, halafu Mbeya. Mwanangu, nilitembea na barua ile mfukoni wiki nzima. Hata wasiojua kusoma niliwaonyesha.

Kisa kilichopendwa kuliko vyote katika kijitabu changu kilimhusu mtu niliyempa jina la Bwana Maamkizi. Huyu alikuwa anaamkia kila kitu. Alimwamkia ng'ombe wa mkuu wa chuo, akimwita mzee. Aliliamkia koti lililoanikwa kwenye kamba asubuhi ya ukungu, akavua kofia, akainama, akasimama pale akingoja aitikiwe. Nilimwandika kama mtu wa kujipendekeza, anayemwaga shikamoo huku na huku akitumaini kwamba siku moja mkubwa fulani atamkumbuka.

Iringa walicheka hadi mwenye duka akatoka nje kupumua. Kabla yetu, mzee mmoja wa Kalenga alikuwa ametufungulia shughuli kwa kupiga ligombo, kile chombo chetu Wahehe cha nyuzi na kibuyu. Niliposoma, yeye hakucheka. Watu walipoanza kutawanyika aliniita pembeni.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, baba."

"Huyo mtu wako, yuko hai?"

"Yuko hai, baba. Anakaa Mbeya."

"Haya. Utamkuta." Akachukua ligombo lake, akaenda zake. Mimi nilidhani ananitakia safari njema.

Sasa nikwambie huyo mtu alikuwa nani. Jina lake Ambakisye, Mnyakyusa, na tulikaa dawati moja chuo cha ualimu. Ng'ombe yule alimwamkia kweli, na koti pia, nami nilikuwepo. Lakini Ambakisye hakuwa mtu wa kujipendekeza hata kidogo. Alikuwa haoni mbali. Mtu akiwa hatua kumi alikuwa anaona kivuli tu, na kwao, kama kwetu, kijana kumpita mkubwa bila kumwamkia ni aibu inayofika mpaka kwa wazazi. Kwa hiyo aliamua kuamkia kila kivuli, asije akamkosea mtu. Aliniomba nisimwambie yeyote, maana aliogopa kurudishwa nyumbani. Nami sikusema. Kila siku nilimnong'oneza yaliyoandikwa ubaoni, naye, kwa kuwa vitu vya karibu aliviona vizuri ajabu, alinichorea ramani zangu zote. Tulikwenda hivyo mpaka mtihani wa mwaka wa pili, tulipokalishwa mbalimbali. Akafeli, akaondoka.

Yote hayo niliyajua nikiwa nimeshika kalamu. Tena nilipoandika mara ya kwanza niliweka mstari mmoja: "Bwana Maamkizi alikuwa haoni mbali, na aliogopa kumpita mkubwa bila kumwamkia." Nikausoma, nikaona unaharibu kicheko. Nikaufuta.

Basi tukapanda basi mimi na Shabani. Siku hizo barabara ilikuwa vumbi tupu. Tulipita Sao Hill tukitetemeka kwa baridi, tukalala Makambako, na kesho yake tulipofika Igawa mashati yetu yalikuwa na rangi moja na udongo. Shabani alitunga beti za kuwasifu abiria mmoja mmoja, akazighani kwa sauti mpaka kondakta akamwambia akae mbele awe redio. Nilikuwa na furaha. Sikumfikiria Ambakisye, au niseme ukweli, nilimfikiria na kujiambia kwamba mtu aliyefeli chuo hatafika kwenye duka la vitabu. Angalia nilivyokuwa mjinga.

Mtu wa kwanza niliyemwona tuliposhuka Mbeya alikuwa yeye. Amevaa miwani minene, mikono imejaa rangi, anacheka.

"Ugonile, ndugu yangu! Usiniamkie wewe, leo mimi nakuona kutoka kule!"

Kumbe baada ya chuo, daktari mmoja wa misheni alimpima macho akampa miwani, na tangu hapo akawa fundi wa kuandika vibao vya maduka. Nusu ya vibao vya mjini vilikuwa vya mkono wake. Mwenye duka la vitabu alipomtajia jina langu, alijitolea kuandika tangazo. Lilikuwa limesimama nje ya duka: jina langu kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na la Shabani kwa kijani, na kati yetu kitabu kilichofunguliwa, kimechorwa mpaka unatamani kugeuza ukurasa. Mpaka leo sijaona jina langu likipendeza vile.

"Kitabu umekisoma?" nikamwuliza.

"Sijakisoma. Nimejizuia. Nataka nikisikie kwa mdomo wako, kama zamani."

Akatupeleka kwake tukale. Mkewe, Tusekile, alikuwa amepika ndizi na maharage, na maziwa ya mgando pembeni, na majirani wamealikwa kutuona. Ambakisye akanishika bega mbele yao. "Huyu ndiye niliyekuwa nawaambia," akasema. "Huyu alikuwa macho yangu. Miaka miwili, hakuchoka, hakunisema kwa mtu." Tusekile akapiga goti kidogo kunishukuru, "Ndaga fijo, shemeji," akaniongezea ndizi. Mwanangu, zile ndizi nilizisukuma tu ukingoni mwa sahani. Shabani, aliyekuwa hajui lolote, alikula mpaka akafungua kishikizo.

Tulipokuwa tunarudi dukani nikamweleza Shabani. Akasimama katikati ya njia.

"Alaa! Bwana Maamkizi ndiye huyu aliyetulisha?"

"Ndiye."

"Basi soma kingine. Soma kile cha kuku wa mkuu wa chuo."

"Kile hakichekeshi."

"Leo hukuja kuchekesha, Mwalimu. Leo umekuja kuokoa undugu."

Duka lilijaa. Mabenchi yalikuwa yameazimwa kanisani, ng'ambo ya barabara, na Ambakisye na mkewe walikaa benchi la mbele kabisa. Shabani alighani mashairi yake, watu wakampigia makofi. Nikasimama, nikasoma habari za kuku. Walisikiliza kwa heshima, kama wanavyosikiliza matangazo ya kanisani. Nilikuwa nafunga kitabu nikishukuru, bwana mmoja kutoka Mbalizi, aliyekuwa amekwisha kukinunua, akapaza sauti: "Mwalimu, tusomee yule wa ng'ombe!" Wengine wakadakia. Nikamtazama Ambakisye. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, anatabasamu. "Soma, ndugu yangu," akasema.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema sauti imeniishia. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi, na mimi makofi niliyapenda. Nikasoma.

Kwenye ng'ombe walicheka, na Ambakisye naye akacheka. Nilipofika kwenye koti, akanyamaza. Habari ya koti tuliijua sisi wawili tu. Nilimwona kwa pembe ya jicho akivua miwani na kuifuta kwa shati, akiifuta muda mrefu, na Tusekile akimtazama yeye, halafu mimi. Nikaendelea kusoma. Nilisoma mpaka mwisho, mpaka pale ninaposema kwamba mtu wa namna hii hata mlango wa ofisi ataulamba viatu, na watu wakacheka kwa nguvu kuliko Iringa.

Ambakisye akavaa miwani yake, akasimama, akawageukia watu.

"Ndugu zangu, huyo Bwana Maamkizi ni mimi."

Bwana wa Mbalizi akashusha kitabu chake.

"Ng'ombe nilimwamkia. Koti nililiamkia, tena lilikuwa na maji yanadondoka. Mwalimu hajaongeza chumvi hapo. Ila nadhani wapiga chapa wamedondosha mstari mmoja." Akanigeukia. "Mwalimu, unaukumbuka?"

Unaona alichonifanyia, mwanangu? Nimemvua nguo mbele ya mji wake, naye ananitafutia mlango wa kutokea. Ilikuwa rahisi kabisa kusema ndiyo, wapiga chapa, watu wabaya wale. Shabani alikuwa ananikazia macho niseme hivyo. Ulimi wangu ulikwisha kuanza. Kisha nikaona mikono ya Ambakisye, ile rangi nyekundu kwenye kucha, rangi ya jina langu.

"Hawakudondosha," nikasema. "Niliufuta mwenyewe."

Nikawasomea mstari ule kutoka kichwani, maana haukuwa umenitoka. Nikawaambia pia kuhusu ubao na kunong'ona, na ramani zangu zilichorwa na nani, na kwamba hakuwahi kujipendekeza kwa mtu yeyote. Nililia, sikuona haya. Bibi mmoja nyuma akasema, "Pole, mwanangu," na sikujua anampa pole nani kati yetu.

Ambakisye akakaa. "Haya, sasa imekamilika," akasema. "Rudia ya ng'ombe."

"Nirudie?"

"Rudia! Ilinichekesha."

Nikarudia. Na watu wakacheka, wakacheka kweli, lakini safari hii wanamtazama yeye na kumpenda. Bwana wa Mbalizi alimpiga piga mgongoni mpaka miwani ikataka kuanguka. Sikuwahi kujua kwamba kicheko kina ladha mbili mpaka siku ile.

Baadaye mimi na Ambakisye tulirudisha mabenchi kanisani, yeye ameshika upande huu na mimi ule, yeye anatembea kinyumenyume. Ndipo aliponisema, taratibu, bila kunitazama.

"Hukunikosea kwa kunicheka. Mimi mwenyewe najicheka. Wangapi wamenicheka barabarani, na siwalaumu, walikuwa hawajui. Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Hapo ndipo paliponiuma. Mtu asiyejua habari yangu ananicheka nusu, basi, nusu ndiyo aliyonayo. Wewe ulikuwa nayo yote." Tukaweka benchi chini. Akapangusa mikono. "Sasa twende. Tusekile ameshaweka chai, na ukichelewa atafikiri nimekupiga."

Nilitaka kusema maneno marefu ya kuomba radhi. Nilisema tu, "Nisamehe, ndugu yangu," naye akasema, "Ndiyo," kama mtu anayepokea kikombe.

Kesho yake walitusindikiza stendi, yeye na mkewe, na mkungu wa ndizi wa kumpelekea mama yangu. Basi likaja likiunguruma. Ambakisye akavua miwani yake, akaiweka mfukoni, akasogea mbele ya lile basi, akainamisha kichwa na kusema kwa adabu zote, "Shikamoo, mzee." Akasimama akingoja. Stendi nzima iliangua kicheko, na dereva, alikuwa mtu mwema, akapiga honi kumwitikia. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye ndiye aliyetuchekesha, kwa hiari yake, kwa habari yake mwenyewe.

Kijitabu kilipopigwa chapa mara ya pili, mstari ule ulikuwamo, na picha ya jalada aliichora Ambakisye: kijana amevua kofia mbele ya ng'ombe, na ng'ombe anamtazama kwa huruma. Ile pale ukutani, ambayo umekuwa ukiniuliza tangu utotoni kwa nini sitaki iondolewe. Tuliandikiana barua mpaka alipofariki. Kila barua aliianza na shikamoo, ingawa mimi ndiye niliyekuwa mdogo kwake kwa miezi minne, na nilijua ananitania.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na sikuzuii kuchekesha. Dunia bila kicheko haikaliki. Lakini kabla hujamwiga mtu, au kumwandika, au kumrusha kwenye hiyo simu yako, jiulize unajua nini juu yake ambacho unakificha ili watu wacheke zaidi. Ukishakipata, kiseme. Kama kicheko kitakufa kwa sababu umesema ukweli wote, basi kiache kife. Na siku ukikosea, kwa sababu utakosea, usikimbilie mlango utakaofunguliwa na yule uliyemwumiza. Yeye anaufungua kwa wema, wewe usiutumie kwa woga. Kuhusu huyo mwalimu wenu, nadhani unajua mguu wake uliumiaje. Nimeona ulivyoinamisha macho.

Nenda kesho ukamwamkie. Mungu akupe maneno ya kuchekesha na moyo wa kumaliza habari ya mtu. Akupe macho ya kuona mbali, na siku yatakapokushinda, akuketishe dawati moja na mtu wa kukunong'oneza yaliyo ubaoni, kisha asikuseme kwa mtu.