Vigeuzi Viwili na Sauti ya Zuhura

Siku yangu ya kwanza karakanani, pale Gongoni, Tabora, sikupewa hata bisibisi. Fundi Mkuu aliwasha redio mbili, akaniuliza ipi inaimba vizuri. Nikaonyesha ya kushoto bila kusita. Akaipunguza sauti kidogo tu. "Na sasa?" Nikaonyesha ya kulia.

"Sikio linapenda kinachopiga juu," akaniambia. "Sawazisha sauti kwanza kwa mita, ndipo uchague."

Niliondoka na somo hilo kwenda Usoke, kutunza vipaza sauti vya ghala la tumbaku. Meneja wa ghala akinikuta nimetega sikio, mita mkononi, alikuwa akinitania: "Fundi, unatengeneza au unastarehe?" Nikarudi nalo karakanani Tabora nikiwa msimamizi, mpaka nikastaafu. Wateja niliwachosha, najua. Mtu anataka redio yake awahi kwake, mimi bado napima.

Mwezi uliopita binti yangu Mwajuma alikuja toka Dar na vigeuzi viwili, tuchague kimoja, kingine akirudishe dukani. Muziki siku hizi unatunzwa kwa namba. Kigeuzi huzigeuza namba hizo kuwa umeme, amplifaya ikaukuza, spika zikaimba. Alikuwa pia amehamishia kwenye simu kaseti ya marehemu mke wangu, Zuhura, akiimba kasida nyumbani kwetu Chemchem. Kwenye spika ya simu alisikika kama mgeni. Nami nilimtaka mke wangu, basi.

Tulianza na kigeuzi cha bei kubwa. Zuhura akavuta pumzi, akaanza, na machozi yakanitoka. Alikuwa pale pale sebuleni. Tukaweka cha bei ndogo, akasogea mbali.

"Basi baba, tubaki na kile cha bei kubwa."

"Subiri, mwanangu. Niletee mita."

Nikapima kwenye nyaya za spika. Kikubwa kilikuwa kinapiga juu kidogo. Nikakishusha vilingane, nikampa Mwajuma mgongo, akawa anavibadilisha bila kuniambia. Nikasikiliza weee, nisijue kipi ni kipi. Na katika vyote viwili Zuhura alikuwa mbali vilevile. Tangu nishike mita, sijawahi kujuta kupima kama nilivyojuta siku ile.

"Kirudishe kikubwa," nikasema. "Havina tofauti." Nikafuta macho. "Halafu mpandishe sauti mama yako."

"Baba, si umesema tusawazishe?"

"Nimeshastaafu mimi. Pandisha."